Ini la Salomé

"Ugonjwa ya ini njo pombe," karani alisema kwa mara ya tatu, taratibu, kama mtu anayemfundisha mtoto kuhesabu vidole. "Hapana minyi njo nasema, papa. Njo kitabu."

Josaphat Kitwa alikuwa amesimama mbele ya dirisha la Mfuko wa Afya tangu saa moja ya asubuhi, kofia ya kazi mkononi. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa mtu wa kugeuza reli pale stesheni ya Kamina: yeye ndiye aliyevuta mkono wa chuma ili treni inayotoka Luena isiingie katika njia ya treni inayokwenda Kananga. Katika kazi hiyo, ukikosea mara moja, watu wanazikwa. Na huyu karani, Timothée, kijana wa tai na kalamu tatu mfukoni, aliyesoma kwa wamisheni mpaka akapata diploma, yeye aliweza kukosea asubuhi na mchana, kisha jioni akaenda kuimbisha kwaya.

"Kitabu kilimuonaka bibi yangu?" Josaphat aliuliza, maana mgonjwa alikuwa mkewe.

"Kitabu hakionake muntu, papa."

"Njo vile. Hakionake muntu."

Watu waliopanga mstari nyuma yake walicheka puani, kisha wakanyamaza, maana nao walikuwa wamekuja kuomba.

Ulikuwa mwezi wa tatu, mwaka wa 1999. Vita vilikuwa upande wa Kabalo, na Base, ile kambi ya jeshi, ilikuwa imejaa askari wa nchi nyingine. Lakini Mfuko wa Afya ulifungua dirisha lake kila siku kama kawaida. Ulikuwa Mfuko wa serikali. Kila mfanyakazi alikatwa mshahara kwa ajili yake, apende asipende, na hata mwezi ambao mshahara wenyewe haukuja, karatasi ilikuja kuonyesha kwamba amekatwa. Serikali ilipoanguka na nyingine kuingia, walibadilisha picha ukutani. Msumari ulibaki ule ule.

Mkewe Josaphat aliitwa Salomé, na watu wa mtaa walimwita Mama Ève kwa jina la binti yao wa kwanza, aliyeolewa Kabondo-Dianda. Mvua zilipoanza mwaka uliopita, macho yake yaligeuka ya manjano kama maji ya mahindi. Alichoka kabla ya kazi, alichoka baada ya kazi, alichoka akiwa amelala. Munganga Élisha, daktari wa hospitali, kijana mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa waya, alimtoa damu na kuituma Lubumbashi. Chupa ilisafiri wiki tatu kwa sababu askari walikuwa wamechukua vichwa vya treni. Jibu liliporudi, munganga aliwakalisha wote wawili kwenye benchi na kusema lile jina: hepatite C. Ni kidudu cha damu, alieleza. Kinakaa ndani ya ini, kinalila polepole, miaka na miaka, na mtu hajui.

"Na dawa?" Josaphat aliuliza.

"Dawa iko. Sindano tatu kila wiki, mwaka muzima. Bantu bote habaponake, lakini benye kupona beko. Inatoka Afrika ya Kusini. Ni bei ya nyumba, papa, sitakudanganya. Lakini Mfuko unaweza kuilipa, iko kwa liste yabo ya dawa."

Kisha aliwashika mkono mmoja mmoja na kuwaambia neno ambalo Josaphat alilibeba tangu siku hiyo kama jiwe ndani ya kiatu. Tumbo la Salomé bado lilikuwa tupu. Likianza kujaa maji, dawa ile haitafaa kitu tena. Basi wafanye haraka.

Haraka. Mfuko haukujua neno hilo. Kitabu cha Mfuko kilikuwa na kifungu cha kumi na saba, kilichosema kwamba ugonjwa ambao mtu amejitafutia mwenyewe haulipwi, na wa kwanza kuandikwa pale ulikuwa ugonjwa wa ini. Ili ini la mtu lihesabiwe halina kosa, lazima watu watatu wa kanisa lake waweke saini kwamba hanywi pombe. Hiyo ndiyo karatasi aliyokuwa akiitafuta Josaphat. Si sadaka, si huruma. Karatasi moja yenye saini tatu.

Na Salomé hakunywa. Hakuonja hata siku ya arusi ya binti yake, hata kwa ncha ya ulimi. Ila jambo lilikuwepo, na mtaa mzima ulilijua.

Miaka miwili iliyopita, mishahara ya reli ilipokauka kabisa, Salomé aliweka pipa nyuma ya nyumba na kuanza kupika lutuku, ile pombe kali ya mahindi na muhogo inayodondoka tone kwa tone kutoka kwenye bomba. Alijifunza kwa mwanamke wa Luena. Alipika akiwa amefunga kitambaa puani kwa sababu harufu ilimtapisha, na alipokuwa akingoja chupa ijae aliimba nyimbo za kanisa, sauti ya chini, kama mtu anayeomba msamaha mapema. Lutuku ndiyo iliyowalisha. Lutuku ndiyo iliyomvalisha Josaphat viatu vya kwenda kugeuza reli za watu wasiomlipa.

Kwa hiyo siku ile ya kwanza dirishani, Timothée alipofungua faili, akatoa kalamu na kuuliza, "Kwenu nyumbani pombe iko?" Josaphat alijibu haraka, "Pombe haingiake kwetu." Aibu ndiyo iliyojibu. Mtu wa kanisa hakubali mbele ya mstari wa watu kwamba mkewe anapika lutuku, hata kama nusu ya mstari huo imekuja na harufu yake mdomoni. Nyuma yake mtu mmoja alikohoa, na mwingine akakohoa. Timothée hakuinua kichwa. Aliandika, kisha akasogeza karatasi Josaphat atie saini.

*

Mwajuma ndiye aliyekuwa wa kwanza kujitolea kuweka saini. Alikuwa jirani yao, mwanamke wa watu wa Maniema, muuza vitenge na chumvi, mwenye sauti iliyoweza kuvuka kiwanja. Ukuta wa jiko lake uligusana na ukuta wa jiko la Salomé.

"Miaka kumi na nane nalala karibu na yee," alimwambia Timothée, viwiko vyake juu ya dirisha. "Siye Baislamu pombe tunaisikia na pua kabla ya mwenyewe hajafungua mudomo. Huyu mama hajanywa. Andika."

"Mama, kitabu kinasema mashahidi ba kanisa yake."

"Mwenye hanywi hawezi kuwa shahidi wa mwenye hanywi?"

"Kanisa yake, mama."

"Basi nibatize hapa, ngoja nivue viatu."

Mstari mzima ulicheka, na safari hii hata Josaphat alicheka, mara ya kwanza tangu Krismasi. Mwajuma alisogeza uso karibu na chuma za dirisha na kupunguza sauti, ingawa sauti yake hata ikipunguzwa ilifika barabarani.

"Timothée, ile bidoni ya manjano sentineli wenu alileta kujaza kwa Mama Ève kila siku ya posho, alikuwa anaipeleka wapi? Aliimwangilia maua?"

Karani alifunga faili. Dirisha nalo lilifungwa.

Ikabaki kanisa. Chama cha akina mama kilikuwa na rais wake, Mama Noémie, mke wa mwalimu mkuu, mwanamke mnene, msafi, ambaye alikunja kitambaa chake cha mkononi mara nne kabla ya kusema neno. Alikuja na wenzake wawili, wote wamevaa kitenge cha chama, wakakaa kwenye viti ambavyo Josaphat alikuwa amevifuta vumbi. Salomé alikuwa ameketi kwenye mkeka, mgongo ukutani. Alikuwa amekonda mpaka pete ya ndoa aliifunga kwa uzi.

"Mama Ève," Mama Noémie alianza, "tunajua haukunywake. Mungu anajua. Lakini siye tukitia saini na watu banajua pipa iko nyuma ya nyumba, watasema chama cha bamama kinasema bongo, kinadanganya. Tunaomba kitu kimoja. Siku ya Mungu, usimame, useme mbele ya kanisa kama ulipika na umeacha. Kiisha tutatia saini, batatu, hata kumi."

"Hapana," Josaphat alisema.

"Baba Ève, tunasema na mama."

"Na minyi niko nasema na mweye. Muntu mugonjwa, mutamusimamisha kama mwizi?"

"Hapana mwizi. Mwenye kutubu."

"Alilisha watoto wa nani na ile pesa? Alinunua gari? Nani hapa mwenye mushahara ulikuja, anyooshe mukono."

Hakuna aliyenyoosha. Mama Noémie alikunja kitambaa. Na Salomé, kutoka mkekani, alisema kwa ile sauti ya kuimbia pipa, "Josaphat, acha. Nitasimama. Ni neno moja tu, na kiisha ninapata sindano."

Walipoondoka aliomba maji, akanywa, akamwangalia mumewe. "Weye njo uliambia karani pombe haingiake kwetu?"

"Ningesema nini?"

"Ungesema bibi yangu anapika, hanywi. Ni vile tu iko."

Josaphat alitoka nje akalivuta lile pipa kutoka nyuma ya nyumba na kulipiga kwa nyundo ya reli mpaka likawa bapa. Watoto wa jirani walikuja kutazama. Hakujua anapiga nini: pipa, au kinywa chake.

*

Siku ya Mungu, Jumapili, Salomé alisimama. Wanawake wawili walimshika kwapa, lakini alipofika mbele aliwaachisha mikono. Kanisa lilikuwa limejaa mpaka milangoni kwa sababu ya watu waliokimbia vita kutoka kaskazini. Timothée alikuwa mbele ya kwaya, fimbo yake ya kuimbishia chini ya kwapa.

"Miye ni Salomé," alisema. "Nilipika lutuku miaka mbili. Nilipika juu ya njaa. Sikunywa hata tone. Bwana yangu anajua, Mungu anajua, na bale bote balinunua banajua kama sikunywaka nabo. Nimeacha. Munisamehe."

Kisha mwanamume mmoja, mzee wa reli aliyestaafu, alisema "Amina" kwa sauti nene, na kanisa lote likafuata. Mama Noémie alilia kweli, si machozi ya chama. Jioni ile ile waliandika barua: Mama Salomé hanywi, hajawahi kunywa, alipika kwa shida na ameacha mbele ya watu wote. Saini tatu ziliombwa, walitia saba. Josaphat alilala usingizi siku hiyo. Akaota reli, zote zimenyooka.

Jumatatu aliifikisha barua dirishani kabla ya watu. Timothée aliisoma, akaisoma tena, akavuta faili, akarudi kwenye ukurasa wa kwanza. Alipoinua macho, Josaphat aliona kitu ambacho hakukitegemea: kijana alikuwa na haya. Na haya yake haikusaidia kitu.

"Papa. Hapa siku ya kwanza uliniambia nini?"

Karani aliweka kidole juu ya mstari.

"Pombe haingiake kwetu. Niliandika. Mukono wako iko hapa chini, uliuweka. Sasa barua inasema ilipikwa kwenu miaka mbili. Hii njo kusema bongo katika faili ya serikali, papa. Kifungu cha ine. Mwenye kusema bongo katika faili anatoka inje ya Mfuko miezi sita. Yeye na bantu bake bote."

"Barua inasema hakunywa."

"Inasema."

"Saini saba."

"Niliziona. Hata minyi nilikuwa kanisani, nilisikia. Minyi najua hanywi."

"Basi andika vile: weye unajua."

"Minyi hapana shahidi, minyi ni karani." Alipapasa meza akitafuta kitu ambacho hakikuwepo. "Miezi sita si mingi. Urudie mwezi wa kumi, nitaipitisha minyi mwenyewe."

"Mwezi wa kumi," Josaphat alirudia.

"Mwezi wa kumi."

Josaphat alishika zile chuma za dirisha kwa mikono miwili. Mikono hiyo ilikuwa imevuta vyuma maisha yote, na chuma kimoja kikalegea ndani ya saruji. Sentineli, mlinzi wa mlango, alikuja akamshika bega, kwa adabu, kwa sababu alimjua; ndiye yule aliyeleta bidoni ya manjano kujazwa lutuku. Josaphat alimwangalia usoni mpaka sentineli akatazama chini. Kisha akaondoka. Nini kingine? Angempiga karani, wangemfunga, na nani angemchotea Salomé maji?

*

Alikwenda kwa munganga Élisha. Kichwani alikuwa na jambo ambalo munganga aliwahi kulisema kwa mdomo, siku ile ya benchi, Salomé alipouliza kidudu hicho kiliingilia wapi.

Munganga aliuliza wakati huo kuhusu sindano za zamani. Na Salomé alikumbuka. Mwaka alipokuwa na mimba ya Ève, Mfuko ulipitisha amri: kila mke wa mfanyakazi mwenye mimba apigwe sindano kwenye dispanseri, zahanati ya Mfuko wenyewe, na kadi ipigwe muhuri. Bila muhuri, mtoto hataandikwa. Wanawake walipanga mstari toka mlangoni mpaka barabarani. Mwuguzi alikuwa na sindano mbili za kioo na sufuria moja ya maji ambayo asubuhi yalikuwa yamechemka. Aliwafuta wote kwa pamba, akawapiga mmoja baada ya mwingine, na alipochoka alimpa mwenzake sindano ile ile. Munganga alisikiliza hadithi hiyo akiwa ameshika miwani mkononi. "Inawezekana sana iliingia pale, mama," alisema. "Sana."

Sasa Josaphat alisimama mbele ya meza yake. "Niandikie ile neno."

"Neno gani, papa?"

"Ugonjwa uliingia na sindano ya Mfuko. Hapana pombe. Sindano."

Munganga alivua miwani. "Papa, nikiandika sindano, watauliza sindano ya nani."

"Ya bao, ba Mfuko."

"Njo maana siwezi. Na kiisha, sina hakika ya mia kwa mia. Ilipita miaka makumi mbili."

"Karani ana hakika ya pombe. Hajasoma kazi ya munganga hata siku moja, lakini ana hakika. Weye ulisoma miaka saba, hauna hakika."

Élisha alivuta karatasi. Alikuwa na mke, na mshahara wake pia ulipitia mikono ya wakubwa, na wakati wa vita mtu hutajwa jina kwa askari kwa jambo dogo kuliko hilo. Mwishowe aliandika barua, ndefu, ya Kifaransa kizuri, kwamba mgonjwa ana haja ya haraka. Neno sindano halikuwemo. Barua ilikwenda ofisini ikaingia kwenye faili, na faili likakaa juu ya faili.

Mwezi wa tano, dereva wa Mfuko, mtu wa kunywa na kusema, alieleza pale stesheni mbele ya watu kwamba alikuwa ametoka kumpeleka mkurugenzi wa Mfuko kwenye uwanja wa ndege wa Base. Mkurugenzi alikuwa mgonjwa. Ugonjwa gani? Ini. Yule mkurugenzi aliyekunywa mchana kweupe barazani, aliyeitisha wiski kwa kupiga makofi. Alipandishwa ndege pamoja na mke wake kwenda Afrika ya Kusini, na Mfuko ulilipa ndege, hoteli na sindano.

"Na kifungu cha kumi na saba?" Josaphat aliuliza.

"Kifungu gani?" dereva alisema.

Josaphat alirudi kwenye mkono wake wa chuma. Treni ya askari ilikuwa inakuja kutoka Lubumbashi, mabehewa yamejaa vijana wanaoimba. Alishika chuma na kwa muda mfupi aliwaza yasiyofaa kuwazwa na mtu wa kazi yake. Njia ya pili ilikuwa na behewa bovu limesimama. Mkono mmoja tu. Lakini waliokuwa wakiimba mle ndani hawakuwa wakurugenzi. Walikuwa watoto wa watu kama yeye, wanaopelekwa kufa na wakubwa wale wale. Akawafungulia njia yao, wakapita.

Mwezi wa sita tumbo la Salomé lilianza kujaa. Mwanzoni alisema ni ugali. Kisha kanga haikufungika. Munganga Élisha aligonga tumbo kwa vidole viwili, akasikiliza, kisha akamfunika kwa kanga. Njiani kurudi, Salomé alikuwa juu ya baiskeli, yeye akisukuma.

"Mwezi wa kumi umefika?" Salomé alimuuliza.

"Bado."

"Usirudie kule. Nilisimama mara moja, inatosha."

"Ni kinywa changu njo kilikuuwa."

"Kinywa yako ni kinywa ya muntu," alisema. "Usiwapunguzie bao kosa. Beko na mengi, wayabebe bote." Walivuka reli. "Sukuma polepole, mawe yananiumiza."

Alikufa mwezi wa nane, asubuhi, wakati wa baridi na vumbi, Mwajuma akimshika miguu na Josaphat kichwa. Ève hakuwahi kufika. Barabara ya Kabondo-Dianda ilikuwa imefungwa na askari.

*

Siku hiyo hiyo, saa nne, Timothée mwenyewe alikuja msibani, amevaa koti jeusi, faili chini ya kwapa. Akina mama wa chama walikuwa wameketi chini uani, wanaimba. Alitoa pole kama inavyotakiwa, kwa mikono miwili, kisha akamvuta Josaphat pembeni. Mfuko ulikuwa na huruma, alisema. Ile adhabu ya miezi sita haikugusa mazishi. Mfuko ungetoa sanduku la maiti, la mbao nzuri, na gari la kubeba. Ilibaki fomu moja tu.

Aliifungua juu ya goti lake. Kwenye mstari wa sababu ya kifo alikuwa ameshaandika, kwa ile hati yake nzuri ya shule ya misheni: *ini, pombe*. Chini palikuwa na mahali pa mkono wa mume.

"Ni njia ya kuandika tu, papa," alisema upesi. "Bila ile neno mashini ya Lubumbashi haipitishi, kwa kifungu cha kumi na saba ini njo pombe. Mufu hasomake."

Josaphat alichukua kalamu. Timothée alipumua.

Josaphat hakuwa mtu wa kuandika. Alisoma miaka minne tu, kisha baba yake akamtia kwenye reli. Aliweka fomu juu ya kiti, akapiga magoti mbele yake, akafuta neno la karani kwa mstari mmoja mzito, akaandika herufi kubwa kubwa, ulimi kati ya meno, akichukua muda wake wote. Akina mama walikuwa wamemaliza wimbo na hawakuanza mwingine. Aliandika:

*BIBI YANGU SALOME AKUNYWAKA POMBE. ALIKUFA NA SINDANO YA DISPANSERI YENU MULIMUPIGA KWA LAZIMA. DAWA ILIKUWA. MULIMUNYIMA. MINYI JOSAPHAT KITWA, REYLI.*

Timothée alisoma mpaka mwisho. "Papa, umeharibisha fomu."

"Chana, basi."

"Siwezi kuchana. Iko na nimero. Kila fomu yenye nimero lazima irudie Lubumbashi, hata ikiharibika, na mukono wa mwenye aliipokea."

"Mukono wako."

Karani alitazama fomu, akatazama lango, akatazama wanawake. Mwajuma alikuwa amesimama, mikono kiunoni. Mama Noémie naye alinyanyuka kutoka chini, polepole kwa unene wake, akaja akaisoma ile karatasi kimoyomoyo, midomo ikitembea. Alimaliza. Alikunja kitambaa chake mara moja tu.

"Mutoto," alimwambia Timothée, "tia mukono."

"Mama, mukubwa wangu akiona hii..."

"Atasoma. Tia mukono."

Timothée alitia saini. Ile hati yake nzuri ilitoka imepinda. Akaweka tarehe. Akafungua kisanduku cha wino, akapiga muhuri juu ya maneno ya Josaphat, kwa sababu bila muhuri fomu haiwezi kusafiri.

"Na sanduku?" aliuliza, sauti chini. "Bila fomu nzuri sanduku haitoke, papa."

"Mupelekee mukurugenzi akirudia," Josaphat alisema. "Ataitumia."

Alimwacha pale amesimama na faili lake, akaenda nyuma ya nyumba, ambako watu wa karakana ya reli walikuwa wamefika na msumeno na mbao za behewa. Mbao zilikuwa ngumu na zilinuka mafuta. Mmoja aliuliza urefu. Josaphat alilala chini kwenye vumbi, akanyoosha miguu, akaweka mkono mahali kichwa cha Salomé kilipokuwa kikifika begani kwake.

"Pima mpaka hapa," alisema.